Kibiongo: kisa cha meli ya gurudumu la tezi iliyoinama yenyewe

Uzi wenyewe ulikuwa wa pamba. Niliupaka rangi nyeusi, nikaupitisha juu ya vijiti vinne vya mianzi kwenye modeli yangu ya meli, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), nikaushika kwa tone la gundi kila mwisho. Ulipendeza. Kila aliyeinama kuiangalia meli aliuonyesha kwa kidole na kuuliza ni wa nini, nami nilijibu kwa kujiamini kwamba ni pambo tu, kwenye meli halisi palikuwa na vyuma vya kukaza mwili wa chombo, ila modeli ndogo haivihitaji. Miezi mitano baadaye meli hiyo ilikuwa imeota kibiongo cha milimita sita na ushee. Kwa skeli niliyotumia, ni sawa na meli halisi kupanda katikati kwa karibu sentimita 30.

Naandika kisa hiki kwa vipimo vyake kwa sababu nilichukua muda mrefu mno kukiona, na kwa sababu dawa niliyoipa meli mwanzoni ndiyo iliyokuwa ikilisha ugonjwa.

Chombo

Ni meli ya mvuke ya mtoni, aina yenye gurudumu moja pana nyuma, skeli 1:48, imejengwa kwa mkono kuanzia mataruma (mbavu za ndani) hadi dohani. Mvuke ni wa jina tu. Ndani kuna mota ya umeme na giaboksi. Sikutaka kujitungia vipimo, kwa hiyo nilifuata vya Bertrand, meli iliyojengwa Wheeling, West Virginia, mwaka 1864, ikazama kwenye mto Missouri tarehe 1 Aprili 1865 baada ya kuchomwa na kisiki, ikiwa safarini kwenda Fort Benton, Montana, na shehena iliyokuwa ikipelekwa kwa watu wa machimbo ya dhahabu. Mto ukahama njia, meli ikabaki imezikwa kwenye matope hadi ilipopatikana 1968. Ilipofukuliwa, mwili wake ulipimwa vizuri, na ndiyo maana fundi wa modeli anaweza kuijenga bila kubahatisha sana. Urefu futi 161, upana futi 32 na inchi 9. Gawa kwa 48: mita 1.02 kwa sentimita 20.8. Ubavu wa modeli yangu, kutoka tumbo hadi sitaha ya chini, ni milimita 36.

Tazama tarakimu hizo tena. Mita nzima na ziada kwa urefu, na kimo cha vidole viwili. Meli hizi zilikuwa bapa kama sinia kwa sababu mito waliyopita ilikuwa na mafungu ya mchanga kila pembe, na meli yenye mkuku (uti wa chini) unaoshuka sana isingefika popote. Juu ya sinia hilo waliweka mabweta mepesi ya mbao, ghorofa mbili tatu, ambayo hayakusaidia kitu kuukaza mwili. Halafu matangi ya kuchemshia maji yalikaa mbele na mashine nzito zilikaa nyuma kabisa, pamoja na gurudumu linaloning'inia nje ya tezi juu ya mihimili miwili. Katikati palikuwa pa shehena. Ukishusha shehena, maji yanapasukuma juu katikati ambako hakuna uzito, na ncha zote mbili zinashuka. Chombo kinafanya kibiongo.

Mafundi wa mito ya Marekani walilijua tatizo hili mapema, nao walilifananisha na mgongo wa nguruwe. Dawa yake wakaiita minyororo ya nguruwe, ingawa si minyororo. Ni nondo za chuma zilizofungwa chini omoni, zikapanda juu ya nguzo zilizosimama ndani ya chombo, zikashuka tena kushika tezi na mihimili ya gurudumu. Kila nondo ilikuwa na nati ndefu ya kukazia. Fikiria upinde wa mshale: ukivuta uzi wake, ncha mbili za upinde zinakunjwa kuelekea kwenye uzi. Hapa upinde ni mwili wa meli, uzi uko juu yake, na ukikaza, omo na tezi vinainuka huku nguzo zikiisukuma chini sehemu ya katikati.

Basi kwa nini nilisema modeli haivihitaji? Kwa sababu kuna hesabu nzuri nyuma ya dai hilo. Ukipunguza kitu mara 48 kwa kila upande, uzito wake unapungua mara 48 × 48 × 48, yaani 110,592, lakini ukakamavu wake haupungui kwa kiasi hicho. Kwa kulinganisha na umbo lake, modeli ya mbao ileile hupinda kwa uzito wake mara 48 pungufu kuliko meli halisi. Hesabu ni sahihi. Ila ina sharti ambalo sikulisoma: uzito wote nao uwe umepungua kwa kiasi hicho. Gurudumu langu, ambalo nililikata kwenye bamba la shaba njano na kulilehemu kwa fahari kubwa, lilikuwa gramu 310. Lizidishe kwa 110,592 upate tani 34. Sidhani kama kuna fundi wa Missouri ambaye angekubali kutundika tani 34 nje ya tezi ya chombo cha futi 161.

Dalili, na nilivyozisoma vibaya

Kwenye gurudumu la namna hii kipimo cha kuangalia ni kina ambacho makafi (mbao za gurudumu zinazopiga maji) yanazama yakiwa chini kabisa. Kanuni ya kazi ni rahisi: kafi moja lizame kwa upana wake, basi. Likizama zaidi, linaingia majini likiwa bado limelala na kuyapiga kofi, kisha linatoka likiwa limebeba maji mgongoni. Nguvu inakwenda kuinua maji badala ya kusukuma chombo. Makafi yangu ni ya milimita 12, kwa hiyo nilitaka 12.

Siku ya kwanza majini yalizama 18. Tezi ilikuwa nzito, na hilo sikulishangaa. Nikakata risasi ya gramu 450, nikaigandisha omoni, chini ya sitaha. Makafi yakapanda hadi 13. Nilifurahi sana, nikapaka mstari wa maji mwekundu hapohapo kulingana na ilivyokuwa ikielea, nikafunga ukurasa huo. Nilipima omo, nilipima tezi. Katikati sikupima. Nani hupima katikati?

Daftari langu linaonyesha kilichofuata. Mwanzoni meli ilikwenda mita 10 kwa sekunde 24, mota ikila ampea 0.6. Mwezi wa tatu, sekunde 27. Mwezi wa tano, sekunde 33 na ampea 1.1, na mota ilikuwa ya moto kiasi kwamba kidole hakikai. Maji nyuma ya gurudumu, ambayo zamani yalikunjamana tu kama shuka, sasa yalirushwa juu hadi kulowesha sitaha ya pili. Na kulikuwa na sauti. Tak. Kila mzunguko mmoja, tak, kavu, kama mtu anayegonga ukucha mezani.

Kwa wiki mbili niliilaumu mota. Niliibadilisha. Nikafungua giaboksi, nikaisafisha na kuipaka grisi mpya. Tak ikaendelea. Nikashuku maji yanaingia, na kweli, kwenye ngama (ndani, chini kabisa ya chombo) nilikuta maji yaliyopenya kwenye vibomba vya sukani. Niliyafyonza kwa sponji na kuyapima: gramu 60. Sasa, sehemu ya chombo inayokatwa na uso wa maji ni kama sentimita za mraba 1,870, kwa hiyo kila gramu 187 zinaizamisha milimita moja. Gramu 60 ni theluthi ya milimita. Hazikuwa chanzo, ingawa zilikuwa na mchango ambao nitaurudia.

Makafi sasa yalizama 21. Nikakata kipande kingine cha risasi, gramu 150, nikachanganya gundi. Kama kisingekuwa kichafu kile chombo, ningekigandisha.

Ukoko wa bwawa

Nilikuwa nimeiacha meli kwenye maji mchana mzima siku moja kabla, na bwawa lilikuwa na utando wa kijani. Ulipokauka ubavuni uliacha mstari mwembamba wa ukoko juu ya rangi nyeupe. Nilichukua kitambaa niufute, kisha nikaona hauendi sambamba na mstari mwekundu. Omoni ukoko ulikuwa juu ya mstari wangu kwa milimita 4. Tezini juu yake kwa 5. Katikati ulikuwa *chini* yake, kwa 2.

Uso wa maji hauna kona. Kama mistari miwili hailingani, uliopinda si ukoko, ni mstari wangu, pamoja na meli niliyoupaka.

Nikaigeuza meli chali juu ya taulo na kumwita mpwa wangu aje ashike mwisho mmoja wa uzi. Tuliubana kwenye tumbo la chombo, yeye omoni mimi tezini, tukauvuta hadi ukalia. Pale kati uzi haukugusa mbao. Nikamwambia aingize kijiti cha kiberiti, ambacho unene wake ni kama milimita mbili.

"Kimeingia, mjomba."

"Ongeza juu yake."

"Vimeingia viwili." Akanyamaza kidogo, ulimi nje. "Vitatu, mjomba. Cha nne kinagoma."

Baada ya hapo nilijua pa kuangalia, na ushahidi ulikuwa mwingi kiasi cha kuudhi. Kwenye sitaha, katikati kabisa, rangi ilikuwa na ufa wa unene wa unywele kutoka ubavu hadi ubavu. Nilikuwa nimeuona mwezi mzima nikidhani ni rangi mbaya. Chombo kinapofanya kibiongo upande wake wa juu unavutwa na wa chini unabanwa, kwa hiyo sitaha hufunguka na tumbo halifunguki. Tumboni hapakuwa na ufa wowote. Ufa ulikuwa juu ya taruma la tisa, na nilipochungulia ndani nikakumbuka kwa nini: mbao zote za ubavuni, kushoto na kulia, nilikuwa nimeziunga palepale, juu ya taruma la tisa, kwa sababu zilikuja na urefu mmoja. Kila fundi wa vyombo anajua kwamba viungo hupishanishwa. Mimi nilijua pia.

Na ile tak? Mihimili miwili inayobeba gurudumu ilikuwa imelala pamoja na tezi, zaidi kidogo kuliko tezi yenyewe. Gurudumu likashuka na kusogea, na kafi moja lililokuwa refu kwa nusu milimita likawa linagusa ncha ya usukani wa kati. Kwenye meli hizi sukani hukaa mbele ya gurudumu, baina yake na tezi, ili ukilirudisha gurudumu nyuma maji yasukumwe juu ya sukani na omo igeuke hata kama chombo hakiendi mbele. Ni mpango mzuri, ila nafasi ni finyu.

Nani alaumiwe

Nilipima kila kitu upya kwenye mizani na kuigawa meli sehemu tatu sawa kichwani. Uzito wote ulikuwa kilo 3.9. Theluthi ya mbele ilibeba kilo 1.4 pamoja na risasi. Ya nyuma, kilo 1.5. Ya kati, kilo 1.0 tu, betri ikiwemo. Maji hayagawi msaada wake hivyo. Omo na tezi zimechongoka, kwa hiyo kila moja inainuliwa kwa kama kilo 1.2, na sehemu pana ya kati kwa kilo 1.5. Kwa hiyo ncha zilikuwa zimezidiwa kwa gramu 200 na 300, na katikati maji yalikuwa yanasukuma juu kwa nusu kilo nzima, wakati wote.

Risasi yangu iliiweka meli sawa kwa macho, na kwa macho tu. Tezi ilikuwa nzito, nami nikaifanya omo nayo iwe nzito. Mizani ya omo na tezi ikatulia, lakini mzigo wa kupinda ukaongezeka, kwa sababu sasa ncha zote mbili zilikuwa zinavuta chini. Na kadiri mgongo ulivyopanda, ndivyo gurudumu lilivyozidi kuzama, na ndivyo nilivyozidi kutaka kuongeza risasi. Kile kipande cha gramu 150 kingekuwa duru ya pili.

Hata hivyo, nikiwa mkweli, si maji yaliyofanya sehemu kubwa ya kazi. Meli ilikuwa bwawani saa moja au mbili kwa wiki. Saa zilizobaki ilikuwa juu ya stendi, na stendi niliyoitengeneza ilikuwa na miguu miwili iliyoachana sentimita 30, katikati ya chombo, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyoonekana nzuri. Pande zote mbili sentimita 36 zilining'inia hewani bila msaada wowote, moja na risasi, nyingine na gurudumu la shaba. Majini ncha zilizidiwa kwa gramu mia mbili au tatu. Kwenye stendi zilizidiwa kwa uzito wao *wote*. Miezi mitano, mchana na usiku.

Mbao nzima ingevumilia. Gundi haikuvumilia. Nilikuwa nimetumia gundi nyeupe ya kawaida ya mbao, ambayo inashika vizuri sana lakini ikibebeshwa mzigo wa kudumu hutambaa polepole, na ikipata unyevu hutambaa zaidi. Hapo ndipo zile gramu 60 za maji zinaporudi. Ndani ya ngama sikupaka vanishi, nikiamini kisichoonekana hakihitaji. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, kurejea ni ngamani, na kwa bahati mbaya wakati huu ilikuwa kweli kwa maana ya neno kwa neno.

Kuinyoosha

Sikutaka kuivunja. Nilitoa gurudumu, mota, betri, risasi na kila kinachotoka, nikaiacha ikauke wiki mbili. Halafu nikaipumzisha juu ya magogo mawili, moja chini ya omo na jingine chini ya tezi, kinyume kabisa cha stendi ile, na katikati nikaweka mfuko wa mchanga wa kilo 1.2. Kila jioni nilipima kwa uzi. Siku ya sita milimita nne kati ya sita zilikuwa zimerudi zenyewe. Baadaye haikusogea tena.

Zile mbili zilizobaki nilizibana. Ndani ya ngama, kutoka taruma la pili hadi la mwisho, nililaza mti mmoja wa msonobari wenye nyuzi zilizonyooka, milimita 5 kwa 12, ukisimama kwa upande wake mpana. Nikaupaka gundi ya epoksi kila unapogusa taruma, na kabla haijashika nikaongeza mchanga hadi chombo kikapita unyoofu na kubonyea milimita moja upande wa pili. Nilijua kikiachiwa kitarudi kidogo. Kilirudi karibu milimita hiyohiyo. Viungo vya taruma la tisa nikavikazia vipande vya plaiwudi kwa ndani, kisha ngama nzima ikapata vanishi mara tatu.

Baada ya hapo nikang'oa uzi wa pamba, na vile vijiti vya mianzi vikatoka navyo bila kupinga. Vilikuwa vimegandishwa juu ya sitaha tu. Havikugusa chochote chini.

Nguzo mpya ni za mti mgumu, milimita 4 kwa 4, zinapenya sitaha na kusimama ndani. Jozi mbili. Badala ya uzi, waya wa springi wa milimita 0.8, mmoja kila upande. Omoni umefungwa kwenye kipande cha shaba kilichopigwa parafujo kwenye taruma la pili, chini kabisa. Tezini niliulehemu kwenye boliti nyembamba ya M2 (unene wa milimita 2) inayopita kwenye kona ya shaba iliyofungwa kwenye mhimili wa gurudumu, na nyuma yake kuna nati. Meli halisi zilikuwa na nati ndefu zenye hesi za kulia na kushoto katikati ya nondo. Kutengeneza hizo kwa ukubwa huu ni kujitesa, na nati moja ya mwisho inafanya kazi ileile. Hesi ya M2 husogea milimita 0.4 kwa mzunguko, kwa hiyo robo ya mzunguko ni sehemu ya kumi ya milimita. Kwa waya mfupi kiasi hicho, robo hiyo unaisikia mkononi.

Na ndipo nilipofanya kosa jipya. Nguzo mbili za mbele zilisimama juu ya ule mti wa ngamani, vizuri. Za nyuma, kwa sababu ya giaboksi, niliziweka pembeni, juu ya ubao wa tumbo peke yake. Nilikaza robo, robo, robo nyingine, nikitazama uzi wa kupimia, na ncha zikaanza kuinuka kweli. Robo ya saba nilisikia mlio mdogo, kama ganda la yai. Nguzo ya kushoto ilikuwa imepenya ubao wa tumbo na kutokeza nje milimita mbili. Nilikaa nikiiangalia ile ncha ya mti iliyotokeza chini ya meli yangu kwa muda.

Ukitazama nguvu zinavyokwenda, lilikuwa lazima litokee. Waya unapoinua ncha mbili, kitu fulani lazima kisukumwe chini kwa nguvu hizohizo, nacho ni mguu wa nguzo. Mguu wa milimita 4 kwa 4 juu ya balsa ya milimita 2 ni sindano. Niliziba tundu, nikaweka ubao wa kukingama kutoka ubavu hadi ubavu ukilalia mataruma mawili, na nguzo zikasimama juu ya huo. Tangu hapo hazijasogea. Nilijifunza pia kutokaza hadi mwisho: ukipitiliza, unatoka kwenye kibiongo na kuingia kwenye bonde, tumbo likishuka katikati, na hilo ni baya vilevile.

Kulinganisha waya wa kushoto na wa kulia nilihangaika nao hadi nikaanza kuzipiga kwa ukucha kama nyuzi za gambusi. Ukikaza upande mmoja sauti inapanda. Nilikaza zote mbili mpaka zikalia sauti moja. Kama hazilii sawa, tezi inajisokota na gurudumu linakaa upande.

Uzito uliobaki

Waya peke yake ungebeba shida bila kuiondoa. Gurudumu la shaba nililiweka kabatini. La pili lina vitovu na ekseli vya shaba, mikono ya plaiwudi ya milimita 1.5, na makafi ya mbao, na ndivyo magurudumu halisi yalivyokuwa: mbao na chuma. Gramu 142. Betri, ambayo nilikuwa nimeiweka karibu na mota ili nyaya ziwe fupi, niliihamisha sentimita 35 mbele, chini ya matangi ya bandia ya kuchemshia maji, mahali ambapo meli halisi iliweka uzito wake. Nilipiga hesabu kwa haraka: gramu 168 zilizotoka nje ya tezi na gramu 380 za betri zilizosogea mbele zinatosha, na kuzidi kidogo, kuchukua nafasi ya gramu 450 zilizokuwa omoni. Risasi yote ikatoka.

Kuna atakayesema kwamba kuisogeza betri mbele kunaongeza mzigo wa kupinda pia. Ni kweli, kidogo. Ndiyo ileile hali ya Missouri, matangi mbele na mashine nyuma, na ndiyo sababu sikuzitoa zile waya nilipoona uzito umekaa sawa.

Stendi mpya ina vitanda vinne, na viwili vya mwisho viko sentimita 12 kutoka kila ncha. Haipendezi. Inafanana na kitanda cha mgonjwa.

Majini tena

Meli sasa ina kilo 3.37 na inazama milimita 18. Makafi yanazama 12 na nusu. Mita 10 kwa sekunde 23, ampea 0.55. Ukitaka kulinganisha na meli halisi, mwendo wa modeli huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha skeli, kanuni aliyoiacha Mwingereza William Froude katika karne ya 19. Kwa 1:48 ni kama mara 6.9, na inanipa kilomita 11 kwa saa hivi. Nimetosheka. Maji nyuma ya gurudumu yamerudi kukunjamana, na nikisimama ukingoni kinachosikika ni makafi tu, bila tak.

Nilipaka mstari wa maji upya, safari hii kwa kufuata ukoko wenyewe baada ya kuiacha ielee siku nzima kwenye maji machafu kwa makusudi. Kila mwezi naigeuza chali na kuvuta uzi. Miezi minne sasa, kijiti kimoja cha kiberiti hakiingii. Waya wa kulia ulilegea mara moja, wiki ya tatu, nikauongeza robo.

Mpwa wangu ameuliza kama anaweza kupata lile gurudumu la shaba. Nimempa. Amelitundika dirishani.